Duka la nguo ndani ya simu: tuliyojifunza kwa vikwembe vya tarehe 8



Juma hili tunajibu swali lililorudi mara tatu katika mikutano ya vikundi: je, mama anaweza kufungua duka la nguo kwa simu bila kuwa na nyumba ya duka mjini? Jibu letu ni ndiyo. Lakini kabla ya kuonyesha namna, tunapaswa kuwaeleza namna sisi wenyewe tulivyoanza vibaya, kwa sababu wengi wenu mlisikia nusu ya habari ile sokoni, na nusu haisaidii mtu.

Mwaka jana, mwanzoni mwa mwezi wa pili, sisi wamama watano wa kikundi chetu tuliona foto ya kikwembe cha Siku ya Wanawake katika WhatsApp ya muuzaji mmoja wa Butembo. Kilikuwa cha bluu nzuri, na tarehe 8 mwezi wa tatu na mwaka vimeandikwa juu yake. Tulikopa dola 300 katika AVEC yetu. Vikwembe 25 vya yadi 6, kila kimoja dola 11, vilikuwa dola 275. Dola 25 zilibaki kwa usafiri. Tulipanga kuuza dola 15 kila kimoja, tupate dola 375. Faida ya dola 75 tulikuwa tumekwisha kuigawa vichwani kabla mzigo haujaondoka Butembo.

Tuliweka foto ile ile katika simu zetu. Wamama 25 waliandika "nataka". Hatukudai hata franka moja mbele, kwa kuwa tulijuana wote.

Mvua ilinyesha. Kutoka Butembo hadi hapa Manguredjipa ni karibu kilomita 100 tu, lakini kila mmoja wetu anajua kilomita hizo zinavyoweza kuwa siku nne, au siku tisa, gari likinaswa kwenye tope au njia ikifungwa kwa sababu ya usalama. Mzigo ulifika tarehe 6 jioni. Tulipoufungua mbele ya mlango, kikwembe hakikuwa cha bluu. Kilikuwa cha zambarau. Mafundi wa cherehani wawili tuliowategemea walikuwa na kazi nyingine hadi usingizini. Walishona saba. Tarehe 8 ilipita, na vikwembe 18 vilibaki, vyenye mwaka ulioandikwa juu yake kama mkate wenye tarehe ya kuharibika.

Deni la AVEC lilipaswa kurudi mwisho wa mwezi wa nne. Mnajua pesa za AVEC ni za nani. Shule ya msingi ni ya bure tangu mwaka wa masomo wa 2019, lakini sekondari bado inalipwa, na wenzetu wengi hulipa malipo ya muhula kwa pesa wanazogawana. Mwezi wa nne, sisi tunaofundisha ndio tuliosoma mbele ya darasa orodha ya wanafunzi ambao hawajalipa. Majina ya watoto wa wanakikundi wenzetu yalikuwemo. Walichukua vitabu vyao wakatoka, na sisi tuliokuwa tumeshika karatasi ndio tuliokuwa tumeshika pia pesa za mama zao. Siku ile hatukuweza kuendelea na somo vizuri.

Tutawaambia mwishoni namna tulivyolipa. Kwanza tuangalie kosa lilikuwa wapi.

Wengine walisema kosa ni mvua. Mvua haikutudanganya, kila mwaka inanyesha. Kosa letu lilikuwa kwamba tuliuza foto. Hatukuwa tumekishika kitambaa kile, hatukujua rangi yake ya kweli, na tuliwaahidi watu siku ambayo haikuwa mikononi mwetu. Duka la mjini lina ukuta, mlango, na kitambaa ambacho mteja anakigusa kwa vidole. Duka la simu halina hivyo. Mteja anashika kitu kimoja tu, nacho ni neno la muuzaji. Likivunjika mara moja, hakuna kitu kingine cha kumrudisha.

Msifikiri ni sisi wadogo tu tunaoanguka hapo. Kampuni ya Jumia ilianza Nigeria mwaka 2012, ikaenea katika nchi nyingi za Afrika ikiwa na pesa nyingi za wawekezaji. Mwezi wa kumi na moja wa mwaka 2019 ilifunga kazi yake ya kuuza kwa intaneti Tanzania na Kamerun. Afrika Kusini kampuni hiyo hiyo ilikuwa na duka la nguo la intaneti lililoitwa Zando, jina ambalo sisi tunaojua Lingala tunalisikia kama soko. Nalo lilifungwa mwisho wa mwaka 2024. Kuonyesha nguo kwenye simu ni kazi rahisi. Kuifikisha mlangoni kwa mtu, ikiwa ile ile aliyoiona, na bado ibaki faida, hapo ndipo wenye mamilioni wanapochoka.

Upande wa pili kuna mfano unaotutia moyo. Katika mji wa Lomé, nchi ya Togo, miaka ya 1960 hadi 1980, kulikuwa na wamama wauzaji wa vikwembe walioitwa Nana Benz, kwa sababu ya magari ya Mercedes-Benz waliyoyanunua kwa faida yao. Vikwembe vingi walivyouza vilitengenezwa Uholanzi na Vlisco, kampuni iliyoanza mwaka 1846. Wamama hao hawakuwa na kiwanda wala simu ya kuonyesha foto. Walijua wateja wao wanapenda nini, walikipa kila kikwembe jina, na mteja wa mbali aliagiza kwa jina tu akijua atakachopata. Biashara yao ilipata pigo kubwa mwezi wa kwanza 1994, franka ya CFA iliposhushwa nusu ya thamani yake na bidhaa za nje kupanda bei, kisha vikwembe vya kuigwa kutoka China vikajaa sokoni. Lakini kwa miaka mingi waliuza mbali kwa sababu neno lao na kitambaa chao vilikuwa kitu kimoja.

Basi, mama anayetaka kuanza, afuate hatua hizi. Tumezijaribu sisi wenyewe baada ya kuanguka.

Kwanza, uza nguo iliyo nyumbani mwako. Anza na nguo kumi, si balo zima. Balo la mitumba ni kama bahati nasibu: hujui ndani yake kuna makoti mangapi ya baridi kali ambayo hapa Bapere hayatavaliwa na mtu. Chagua aina moja unayoijua. Iniforme za shule, shati jeupe na sketi ya bluu, zina mteja kila mwezi wa nane na wa tisa. Nguo za watoto wachanga hazina msimu. Nguo za sherehe hufuata pesa za kakao na za machimbo. Wakati kakao haijauzwa, usijaze nyumba kwa nguo za arusi.

Pili, piga foto wewe mwenyewe. Itandike nguo kwenye mkeka safi karibu na mlango, asubuhi, kwenye mwanga wa jua lakini si chini ya jua kali. Taa ya usiku hubadilisha rangi. Ndivyo zambarau yetu ilivyogeuka bluu. Piga mbele, piga nyuma, piga mshono kwa karibu. Kama kuna doa au kifungo kimekosekana, kipige foto na ukiseme. Usichukue foto ya duka la mtu mwingine, wala ya mwanamitindo wa Ulaya aliyevaa nguo inayofanana na yako.

Tatu, tumia mita ya fundi. Alama za S, M na L hazitoshi. Nguo nyingi zinazotoka Asia zikiandikwa L huwabana wamama wetu. Ipime nguo ikiwa imelazwa: upana wa kifua, kiuno, nyonga, kisha urefu kutoka bega hadi chini. Andika kwa sentimita chini ya foto. Mwambie mteja aipime nguo yake moja inayomkaa vizuri, naye akutumie namba zake. Kwa mtoto, uliza urefu, usiulize miaka tu. Watoto wawili wa miaka saba hawalingani. Kazi hii ni ya dakika tano, nayo inazuia mzigo kurudi kilomita 100.

Nne, andika bei mbele ya watu wote. Muuzaji anayeandika "njoo faragha nikuambie bei" anamfanya mteja afikiri kwamba bei inatazama sura ya mtu. Kumbukeni pia kwamba foto za "statut" ya WhatsApp hupotea baada ya saa 24. Aliyekosa rezo siku hiyo hajaona kitu. Ile programu ya WhatsApp Business, iliyotolewa mwaka 2018, inaruhusu kupanga nguo zako na bei zake zikabaki hapo. Ni ya bure, inakula mega tu.

Tano, pesa. M-Pesa ilianza Kenya mwezi wa tatu 2007, na Vodacom iliileta kwetu Kongo mwaka 2012. Leo tuna pia Airtel Money na Orange Money. Imetupunguzia hatari ya kubeba noti njiani, lakini imeleta wezi wake. Usikubali ujumbe wa malipo kwa kuusoma tu, kwa sababu ujumbe wa uongo unaweza kuandikwa na mtu yeyote. Angalia salio lako mwenyewe ndipo utoe nguo. Namba yako ya siri usimpe mtu, hata akisema anapiga kutoka kampuni ya simu. Ukiweza, weka laini moja ya biashara tu, ili pesa ya nguo isichanganyike na ya sabuni na chumvi.

Kwa nguo inayosafiri, omba nusu ya bei mbele, na nusu ikifika. Sisi tuliona haya kuomba nusu kwa watu tunaosali nao. Haya ile ilitugharimu. Mteja anayekataa kutoa hata robo, mara nyingi hajakata shauri bado.

Sita, njia. Furushi lifunikwe kwa plastiki mara mbili. Andika juu yake majina mawili ya mpokeaji, namba yake ya simu na mahali panapojulikana. Kwetu Wanande majina hufuata mpangilio wa kuzaliwa, kwa hiyo ukiandika "Kavira, Njiapanda" peke yake, motari atawakuta akina Kavira ishirini. Mlipe motari mbele ya shahidi na uandike namba yake. Na tafadhali, usimsukume motari atembee jioni kwa sababu mteja ana haraka. Nguo inaweza kungoja kesho, nyumbani kwa motari kuna watoto. Kwa mteja, usiseme "siku ya posho itafika". Sema "ikitoka hapa, nitakujulisha, ikichelewa, nitakujulisha". Ahidi yale yanayokutegemea.

Saba, hesabu. Tuchukue mfano wa gauni moja la msichana. Kununua Butembo, dola 7. Usafiri, dola 1. Mega na gharama za kutuma na kutoa pesa, nusu dola. Weka nusu dola kwa hasara, maana katika nguo kadhaa moja itapata doa au itarudi. Jumla ni dola 9. Ukiuza 11, faida ni dola 2, si dola 4 kama wengi wanavyodhani. Sasa fikiri: gauni moja likipotea, umepoteza dola 9, na utahitaji kuuza magauni matano mengine ili kuiziba tu. Kwa hiyo nunua kaye na uandike kila siku: kilichoingia, kilichotoka, anayedaiwa. Katika kaye hiyo hiyo andika namba za wateja. Simu huanguka mtoni, huibiwa, hubaki nyuma mtu anapokimbia. Kaye ndogo huingia kwenye nguo.

Hapo tuseme neno moja la uchungu. Tangu mwaka 2024 mashambulizi ya ADF yamewatoa wengi wetu vijijini hapa Bapere. Wateja wetu wametawanyika. Lakini namba zao zilibaki, na baadhi yao, wakiwa wamepangishwa chumba Butembo, bado wanatuuliza: "Mama, una nguo ya mtoto wa miezi sita?" Duka lisilo na ukuta halivunjwi mlango usiku, na mwenye nalo akilazimika kuondoka, anaondoka nalo. Kwa wakati wetu huu, hiyo ni sababu kubwa ya mama kulifikiria.

Nane, sheria na nyumba. Kode ya familia ya mwaka 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mume wake kwa tendo la kisheria. Sheria ya tarehe 15 mwezi wa saba 2016 iliondoa sharti hilo. Sasa wanandoa wanatakiwa kukubaliana juu ya matendo ya kisheria yanayomfunga mmoja wao au wote wawili. Mama anayo haki ya kufanya biashara yake. Hata hivyo tunashauri baba wa nyumbani aone kaye tangu siku ya kwanza, kwa sababu simu inayolia usiku kwa habari ya gauni inaweza kuleta maneno yasiyo na sababu. Kwa serikali, biashara ndogo inadai patenti, hata isipokuwa na meza sokoni. Dai risiti kwa kila unacholipa. Na Kode ya numeriki ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023 inahusu pia biashara ya intaneti, kwa hiyo anayeuza kwa simu asifikiri yuko nje ya sheria.

Tisa, AVEC. Kikundi chetu kimekata shauri: hakuna anayekopa kwa ajili ya duka la simu kabla hajauza nguo kumi kwa pesa yake mwenyewe na kuonyesha kaye. Na mkopo wa kwanza hautapita theluthi moja ya akiba ya mkopaji. Vikundi vingine mjadili kiasi chenu, lakini wekeni mpaka kabla ya tamaa kuingia, si baada.

Turudi kwenye vikwembe 18. Tulikaa usiku mmoja tukavikata vipande vya yadi 2, vikawa 54, vya kufunga kiunoni na kubebea mtoto. Tukavipiga foto asubuhi, mlangoni. Chini yake tukaandika: "Ni kikwembe cha tarehe 8, mwaka umepita. Rangi ni zambarau, si bluu kama tulivyosema kwanza. Tulikosea. Dola 3." Tulitegemea kuchekwa. Kwa majuma matatu vipande 40 vilinunuliwa, wengi wakiwa wamama wenye watoto mgongoni ambao mwaka ulioandikwa hauwasumbui. Zile saba za kwanza zilileta dola 105, vipande 40 vikaleta dola 120. Jumla 225. Zilikosekana dola 75, ile hesabu kamili tuliyokuwa tumeiita faida. Sisi watano tulitoa dola 15 kila mmoja katika mishahara na mashamba yetu, pamoja na riba. Watoto walirudi darasani mwezi wa tano. Vipande 14 vilivyobaki tuliwapa wamama waliofika hapa na watoto wachanga bila kitu cha kuwabebea.

Mmoja wa wale walionunua kipande cha dola 3 ndiye mteja wetu mkubwa leo. Tulipomwuliza kwa nini alituamini baada ya yote, alisema: "Kwa sababu mliandika mlikosea."

Kazi ya kikundi kwa juma hili:

Kila mama alete nguo moja na mita. Wawili wawili, mpime nguo na kuandika vipimo vyake bila kuionyesha, halafu mwenzako aseme itamkaa nani kikundini. Kisha mwivae mwone.

Pili, fanyeni hesabu ya gauni letu kwa bei za kwenu za juma hili. Usafiri ukipanda kutoka dola 1 hadi dola 2, faida inabaki ngapi, na je, bado inafaa?

Tatu, mjadili: mteja amelipa nusu, njia imefungwa siku kumi, anadai pesa yake. Mtafanya nini? Andikeni jibu moja la kikundi, mtuletee siku ya nne kabla ya kutoa gazeti. Majibu mazuri tutayachapa hapa.

Tutaonana juma lijalo, Mungu akipenda.